Kichuguu na Maji ya Machicha

Mbukwenyi! Ahsanteni kwa kuja, hasa mafundi mliofunga kazi mapema.

Nani hapa hajakanyaga sakafu ya udongo wa kichuguu? Bibi zetu walipotaka uwanja wa kupuria uwele, hawakuokota udongo wowote tu. Walituma mtoto kichuguuni. Mchwa hushuka chini, akabeba chembe za mfinyanzi mdomoni, akazichanganya na mate. Ndiyo maana udongo ule una mfinyanzi mwingi kuliko wa kandokando yake, na tembe iliyokandikwa nao husimama msimu baada ya msimu.

Sasa, udongo huo unapatwa na nini ukikutana na maji yanayochuruzika kwenye machicha ya zabibu au maganda ya mihogo? Yale ya kahawia, yanayonuka uchachu.

Tazameni. Hili ni bonge la kichuguu kutoka Chamwino. Nalikamulia ndimu. Mliokaa mbele mnaona povu? Ndani mna chokaa, na chokaa husaidia kushikamanisha chembe. Tindikali inaila. Maji ya machicha nayo yana tindikali. Ni dhaifu, ila huchuruzika miezi, si siku moja.

Chokaa ikiliwa, mshikamano hulegea. Tena uozo wa mimea hubaki katikati ya chembe ukinyonya maji. Udongo wa namna hiyo ukiushindilia hudai maji mengi, ukikauka ni mwepesi, ukilowa hulainika upesi.

Lakini msitoke hapa mkidhani kila maji ya mmea yanabomoa. Burkina Faso na kaskazini mwa Ghana, mafundi huchemsha maganda ya matunda ya mti wa néré, wakapaka ukutani, na kuta hustahimili mvua. Kazi hiyo hufanywa na tanini, ile inayokausha ulimi ukitafuna ndizi mbichi: hushikana na chuma kilichomo kwenye udongo mwekundu. Zabibu nayo ina tanini, kwenye ganda na kwenye mbegu. Kwa hiyo machicha yetu yana mkono wa kujenga na mkono wa kubomoa, na huwezi kujua upi utashinda kwa kutaja jina la mmea.

Kinachoniuma ni hiki. Tunaupima udongo kwa maji ya bomba, kisha tunautandika chini ya shimo la machicha ili uzuie maji yake yasipenye ardhini. Niliwahi kushiriki kazi kama hiyo. Majibu ya maabara yalikuwa mazuri kabisa. Msimu wa pili, mama mmoja wa bondeni alituletea ndoo ya maji ya kisima chake: ya kahawia, yananuka siki. Sikuwa na la kumjibu.

Tangu hapo napima kwa maji yale yale udongo utakayokaa nayo. Pale mezani kuna makopo sita ya udongo wa kichuguu hiki hiki, ulioshindiliwa siku moja. Mawili yamelowekwa maji ya bomba, manne maji ya machicha, mwezi mzima. Njooni mbonyeze kwa kidole gumba.