Weusi wa Bawa la Heroe

Hamjambo nyote, na asanteni kwa kuja na mvua hii. Mlio nyuma, tafadhali zimeni taa.

Picha iliyo ukutani ilipigwa kando ya Ziwa Nakuru, kwa mkanda wa Super 8, filamu nyembamba ya kupigia picha za nyumbani, ambao familia moja ya hapa mjini ilinikabidhi ndani ya kopo la biskuti. Nimeuhamishia kwenye kompyuta, fremu kwa fremu. Kila kitu kimeiva wekundu: maji, mbingu, hata migunga ya ufukweni. Heroe nao, flamingo kama wengi tunavyowaita, ni wa waridi, ila wao ndivyo walivyo. Nikiufuta wekundu ovyo, nitawapokonya ndege rangi yao.

Mkanda wa rangi una tabaka tatu: sayani (buluu-kijani), majenta (wekundu-zambarau) na manjano. Sayani ndiyo inayozuia mwanga mwekundu, na katika mikanda mingi ya miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa 1980 ndiyo iliyofifia mapema. Penye weupe hasara haionekani sana, kwa sababu tangu awali hapakuwa na rangi nyingi pale. Giza ndilo linaloumia. Nyeusi inageuka damu ya mzee.

Macho hayawezi kuamua peke yake, maana yanazoea. Utazame wekundu huu dakika tano, utauona wa kawaida. Histogramu haizoei: ni mchoro unaohesabu pikseli, yaani nukta za picha, za kila rangi, kuanzia 0 penye giza hadi 255 penye mwangaza. Kwanza kata kingo nyeusi za fremu, la sivyo zitahesabiwa nazo na kukudanganya kwamba picha ina weusi wa kutosha. Mimi zilinipotezea siku mbili.

Tazameni vilima hivi vitatu vya histogramu, kimoja kwa kila rangi. Kijani na buluu vinaanzia karibu na 10. Nyekundu inaanzia 55. Vyote vinaishia karibu na 245. Yaani weupe ni mzima. Kilichopotea ni weusi.

Kwa hiyo katika skripti yangu, yaani maagizo niliyoyaandikia AviSynth, programu ya bure ya kuhariri video, nimeandika mstari mmoja tu: zidisha nyekundu kwa 1.24, kisha toa 58. Pigeni hesabu wenyewe. 55 inashuka hadi 10, na 245 haisogei. Angalieni ncha za mabawa: manyoya ya kurukia ya heroe ni meusi, na sasa ni meusi kweli. Waridi la mwili limebaki.

Hii nyingine nimeisahihisha kwa kitufe cha otomatiki. Kitufe cha namna hii hudhani kwamba ukichanganya rangi zote za picha utapata kijivu. Ziwa likijaa heroe, wastani wake ni waridi halali, nacho kinaliondoa. Ndege wamekuwa rangi ya majivu. Ukikipa mashamba ya chai ya Kericho, kitayapokonya kijani chake vivyo hivyo. Picha hii huniuma kila ninapoionyesha.

Histogramu haijui heroe ni nini. Lazima utafute kitu ambacho rangi yake una hakika nayo: mwari mweupe, bawa jeusi. Nilimuuliza mama mwenye mkanda gari lao lilikuwa rangi gani. Akanijibu, “Rangi ya maziwa, mwanangu, si nyeupe.” Nilipopima boneti baada ya kusahihisha, nyekundu na kijani zilikaribiana na buluu ilikuwa chini kidogo. Ndiyo rangi ya maziwa hiyo.

Skripti naipendea hili hasa: faili ya asili haiguswi, na atakayenipinga kesho ataona namba zangu na kuzibadilisha. Mandhari ikibadilika, mstari mwingine. Mchana wa ziwani hauwezi kutumia namba za sebuleni.

Lakini ukivuta ngazi 190 za nyekundu, za 55 hadi 245, zijaze 235, histogramu inabaki na mapengo kama meno ya kitana. Hayo nayakubali. Sayani ikiwa imekwisha kabisa, hakuna cha kuvuta. Mikanda hiyo naiacha nyeusi na nyeupe, na mwenyewe namweleza.

Mkanda mzima una fremu kama 3,600, dakika tatu na sekunde 20 kwa kasi ya fremu 18 kwa sekunde. Mama yuko hapa mbele, hajauona tangu ulipopigwa. Naomba tunyamaze, nauwasha.