Hamsta aliyeamka kabla ya wenzake: mhadhara kuhusu jeni za saa ya mwilini

Asanteni sana jamani, huko nyuma mnanisikia? Haya. Najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja na jua ndo hilo linazama, kwaiyo sianzi na majina ya protini, naomba tuanze na mnyama mmoja tu, hamsta, kale kanyama kama panya ila kanene, mkia kama hakana, ambako maabara za Marekani zimekafuga miaka mingi. Hamsta ni mnyama wa usiku. Ukimwekea gurudumu ndani ya kizimba chake, giza likiingia anapanda na kukimbia masaa na masaa, na ukiunganisha lile gurudumu na mashine ya kurekodi unapata mistari, leo mstari huu, kesho mwingine chini yake, unaona kabisa kaamka saa ngapi na kalala saa ngapi bila hata kumgusa. Alafu umzimie taa kabisa, giza tupu usiku na mchana kwa wiki kadhaa. Bado anaamka karibu kila baada ya masaa 24. Hamna jua, hamna jogoo, hamna adhana, na bado anajua. Naomba mlishike hilo, maana yote ninayosema leo yanatoka hapo: saa iko ndani.

Sasa kijana mmoja anaitwa Martin Ralph, alikuwa mwanafunzi wa Michael Menaker pale Chuo Kikuu cha Oregon, aliletewa hamsta kutoka kwa wafugaji wa wanyama wa maabara, na katika wale akaonekana dume mmoja anaanza kukimbia masaa kadhaa kabla taa hazijazimwa. Wengi wetu tungesema huyu mgonjwa, mtoe, leta mwingine. Yeye akamweka kwenye giza tupu akamwangalia. Siku ya yule hamsta ilikuwa ya masaa 22! Kila siku anawatangulia wenzake kwa masaa mawili, na wala hayumbi, ni masaa 22 leo na masaa 22 wiki ijayo. Wakamzalisha na majike wa kawaida, nusu ya watoto wakatoka na masaa 22 kama baba yao. Wakakutanisha wenye masaa 22 kwa wenyewe, hapo wakazaliwa wa aina tatu, wa masaa 24, wa masaa 22, na wengine masaa 20. Mnaokumbuka Mendel na njegere zake darasani mmeshaona kitu hapo, hiyo ni jeni moja, nakala moja mbovu inakata masaa mawili na nakala mbili zinakata manne. Wakaita mabadiliko hayo tau, wakatangaza mwaka 1988. Kwa mamalia, yaani wanyama wanaonyonyesha kama sisi, hiyo ndo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuonyesha jeni moja inabadilisha urefu wa siku ya mwilini. Kwa inzi walishatangulia, wanasayansi Konopka na Benzer mwaka 1971, lakini inzi ni inzi, watu wengi hawakuamini kama yatahamia kwetu.

Mwaka 1990 wakafanya jaribio ambalo mimi kila nikilisimulia nasisimka. Ndani ya ubongo, chini kabisa, juu kidogo ya pale mishipa ya macho yote mawili inapopishana, kuna kifungu kidogo cha seli, kwa panya ni kama seli 20,000 tu, na tangu 1972 ilijulikana ukikiharibu mnyama anapoteza ratiba, analala vipande vipande na kuamka ovyo. Wao wakachukua hamsta aliyeharibiwa kifungu hicho, wakampandikizia cha hamsta mwingine kilichotoka kwa kijusi. Ratiba ikarudi. Lakini ratiba ya nani? Ya yule aliyetoa! Mnyama wa masaa 24 aliyewekewa kifungu cha masaa 20 akaanza kuishi siku ya masaa 20. Yaani muda ulihamishwa na kale kapande ka ubongo kadogo kuliko punje ya mchele.

Tatizo likawa kuipata jeni yenyewe. Hamsta hakuwa na ramani ya jeni, miaka ile ni panya ndo alikuwa anachorwa ramani. Kwaiyo Joseph Takahashi, ambaye naye alipita kwa Menaker akiwa mwanafunzi, akaamua kupitia mlango mwingine pale Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wakawapa panya madume kemikali inayoharibu jeni ovyo ovyo kwenye mbegu, wakazalisha, kisha Martha Vitaterna na wenzake wakakaa kuangalia panya mmoja mmoja kwenye gurudumu. Panya zaidi ya 300. Wengi hawana lolote. Mmoja akawa na siku ya masaa 24.8 wakati wenzake ni 23.7. Lisaa limoja tu jamani, na ni kwa sababu saa ya panya haiyumbi kabisa ndo ukaonekana utofauti. Watoto wake wenye nakala mbili wakawa na siku ya masaa 27 mpaka 28, alafu baada ya wiki kadhaa gizani ratiba inapotea kabisa. Hiyo ilitangazwa 1994, jeni ikaitwa Clock, na 1997 wakaikamata kabisa, wakachukua nakala nzima nzuri wakaiweka kwa panya wabovu na saa yao ikapona. Mwaka huo huo zikapatikana jeni za mamalia zinazofanana na ile ya inzi, zinaitwa Per, na haya mambo yakashika kasi.

Inavyofanya kazi ni hivi. Protini mbili, CLOCK na BMAL1, zinashikana mikono zinawasha jeni za Per na nyingine zinaitwa Cry. Hizo zinatengeneza protini zao, PER na CRY, polepole, zinajikusanya nje ya kiini cha seli, zikishakuwa nyingi zinaingia ndani na kuwabana wale wawili waliowawasha. Uzalishaji unasimama. PER na CRY zilizopo zinaliwa taratibu mpaka zinaisha, CLOCK na BMAL1 wanaachiwa, mzunguko unaanza upya. Hilo zunguko zima linachukua karibu masaa 24. Na sio kwenye ubongo tu, karibu kila seli inalo, ini lina saa yake, figo ina saa yake, na mwaka 2000 kule Geneva kundi la Ueli Schibler likaonyesha panya ukimlisha mchana tu, wakati yeye ni wa kula usiku, saa ya ini inahama inafuata chakula huku ya ubongo imebaki pale pale. Mnaofanya shifti za usiku mfikirie hapo.

Turudi kwa hamsta wetu. Mwaka 2000, miaka 12 baada ya kutangazwa, Phyllis Lowrey na kundi la Takahashi wakagundua jeni ya tau inatengeneza kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi za kikemia ndani ya seli, kinaitwa kaseini kinasi. Kazi yake ni kubandika fosfati, lebo ndogo za kemikali, kwenye PER, na lebo hizo zinaamua PER iishi muda gani. Mwanzoni walidhani kinasi ya tau imedhoofika, ndo maelezo yaliyokuwepo, mpaka 2006 hesabu za kompyuta zikasema haiwezekani, ikidhoofika siku ingerefuka, wakapima tena kwenye seli wakakuta kweli, kwa PER hiyo kinasi inafanya kazi zaidi, PER inakufa mapema, siku inafupika. Napenda sana sehemu hii ya historia. Watu wazuri, jaribio zuri, na maelezo yakageuzwa na hesabu.

Na hamsta huyo ana ndugu yake binadamu. Utah, Marekani, mwaka 1999, Christopher Jones na Louis Ptáček walieleza familia ambazo watu wake wanazidiwa na usingizi saa moja na nusu jioni na kuamka saa kumi na nusu alfajiri, kizazi kwa kizazi, na sio uvivu wala ulevi wala uzee. Mmoja wakampima kwenye chumba kisicho na dalili ya muda, siku yake ikawa masaa 23.3. Mwaka 2001 ikapatikana sababu kwenye familia moja, herufi moja tu kwenye jeni ya PER2, moja ya zile Per, kwaiyo kwenye protini yake kipande namba 662 kimebadilika, serini imekuwa glisini, na pale ni katika eneo ambalo ile kinasi inashika kazi. 2005 familia nyingine, safari hii kosa liko kwenye kinasi yenyewe, ndugu wa karibu wa ile ya hamsta. Upande wa pili, wa wanaochelewa, 2017 kundi la Michael Young lilionyesha badiliko la CRY1 linaloifanya protini ibane kwa nguvu zaidi na siku ikarefuka, watu hao usingizi hauji mpaka usiku wa manane. Mwaka huo huo Young, Hall na Rosbash walipewa Nobel kwa kazi ya inzi.

Hapa naomba niseme jambo linaloniuma. Mimi nimesoma bweni, kengele saa kumi alfajiri, na jirani yangu wa kitanda alikuwa haamki. Alichapwa karibu kila wiki, na sisi tulimwita mvivu, na mimi nilikuwemo. Jeni zake sizijui, hakuna aliyempima. Ila usiku saa sita yeye ndo alikuwa anatufundisha hesabu, kichwa kimefunguka kabisa, sisi tunasinzia. Tulimwadhibu mtoto miaka minne na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza saa yake ikoje.

Na data zetu sisi Waafrika ziko wapi? Utafiti mkubwa wa 2019 uliangalia watu karibu 700,000, wakapata sehemu 351 za jenomu, yaani jeni zote za mtu kwa pamoja, zinazohusiana na mtu kuwa wa asubuhi au wa usiku. Karibu wote ni wa asili ya Ulaya. Binadamu wenye utofauti mkubwa zaidi wa jeni duniani tuko huku, na hatumo! Kilichofanyika kwetu kikubwa ni cha nyani. Pale Karen, Nairobi, kwenye taasisi ya utafiti wa nyani, wanasayansi wa Kenya pamoja na kundi la mtafiti Satchidananda Panda wa Marekani walichukua sampuli kila masaa mawili kwa siku nzima, nyani 12, wale wale wanaokatiza barabara huko Nakuru, tishu 64 kuanzia ubongo mpaka ngozi, ikatangazwa 2018. Zaidi ya asilimia 80 ya jeni za kutengeneza protini zinapanda na kushuka kwa siku angalau kwenye tishu moja. Hiyo inagusa na dawa, maana sehemu kubwa ya vitu ambavyo dawa zinalenga mwilini vimo humo. Nyani ni wa mchana kama sisi, panya ni wa usiku, kwaiyo ramani ile ni ya karibu zaidi na mwili wako, na ilipimwa huku huku kwetu.

Ndio mama, uliza. Anasema baba yake haoni, miaka kumi sasa, usingizi wake umevurugika, je mtu asiyeona saa yake inalijuaje jua?

Shikamoo mama, swali zuri sana. Mwaka 1999 Russell Foster na wenzake walichukua panya wasio na seli zote mbili za kuonea, za gizani na za rangi, panya vipofu kabisa, na saa zao bado zikafuata mwanga. Walipong'olewa macho, ikaisha. Kumbe ndani ya jicho kuna seli za tatu, zina protini inaitwa melanopsini, jeni yake inajulikana, hazikuletei picha, zinaupelekea tu ubongo habari kwamba kumekucha. Kuna vipofu ambao seli hizo bado ziko hai na kuna ambao hazipo tena, inategemea ugonjwa ulioua macho. Kwaiyo kama macho ya mzee bado yapo, msiyafumbe wala msikubali yatolewe bila daktari kueleza sababu, na kila asubuhi saa moja, saa mbili, mtoeni ndani mumkalishe barazani, uso kuelekea kwenye mwanga.