Weusi Hautoki Kwenye Projekta

(Mhadhara kwa mafundi wa sauti na picha wa makanisa, misikiti na kumbi za shule, Dar es Salaam. Umeandikwa kama ulivyotolewa.)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Kabla sijawasha chochote, hebu tazameni ukuta huu nyuma yangu. Projekta imezimwa. Ukuta una rangi gani? Mweupe, eeh. Basi weupe huo mnaouona ndio weusi wenu. Nikiwasha mashine nikaonyesha mtu kavaa koti jeusi, koti lile haliwezi kuwa jeusi kuliko ukuta ulivyo sasa hivi. Projekta kazi yake ni kumwaga mwanga. Giza haina. Giza mnalileta ninyi, kwa pazia, kwa swichi, au kwa skrini yenyewe, na hiyo skrini ndiyo iliyonileta hapa leo.

Nianze na aibu yangu, maana najua wengine wenu mmeshapita njia hiyo. Miaka ya nyuma nilifunga projekta kwenye kanisa moja, sitalitaja. Nilimaliza Jumamosi saa mbili usiku. Picha ikatoka kama maziwa ya mgando, wazee wa kanisa wakanipa mkono, mmoja akaniombea. Jumapili saa tatu asubuhi jua likaingia kupitia matofali ya matundu ya upande wa mashariki, na maneno ya wimbo yakapotea yote. Kwaya ikaimba ubeti wa tatu, waumini wako ubeti wa pili. (Kicheko.) Mashine haikuwa na kosa. Mimi nilipima ukumbi saa ambayo hakuna anayeutumia.

Ndiyo maana wenzetu wa vibanda umiza hawana shida hii. Kibanda kimezibwa na magunia na mabati, jua halijui mlango uko wapi, na mtu anaangalia mpira kwenye shuka jeupe akiwa na raha zake. Hata Zanzibar, tamasha la ZIFF linapoonyesha filamu uwanjani Ngome Kongwe, hungojwa jua lizame. Giza likiwepo, karibu kitu chochote cheupe ni skrini. Kichwa kinauma pale tu mnapotaka picha na mwanga vikae nyumba moja.

Sasa tupige hesabu kidogo, msiogope. Skrini ya inchi 100, ya umbo la televisheni za siku hizi, ina upana wa kama mita 2.2 na kimo cha mita 1.25. Eneo lake ni mita za mraba 2.75 hivi. Projekta ya lumeni 3,000, yaani jumla ya mwanga inaoumwaga, ikiimwagia yote, kila mita ya mraba inapata lumeni kama 1,100, na hizo ndizo tunaziita luksi 1,100. Taa na madirisha yenu nayo yanaimwagia, tuseme, luksi 300. Pale penye weupe kuna 1,100 na 300, jumla 1,400. Pale penye weusi kuna 300 tu. Gawanyeni: mara 4.7. Hiyo ndiyo tofauti nzima kati ya weupe wenu na weusi wenu. Yale maelfu yaliyoandikwa kwenye boksi, sijui elfu kumi kwa moja, yanapatikana gizani tu.

Chama cha kimataifa cha mafundi wa kazi yetu, InfoComm, ambacho sasa kinaitwa AVIXA, kilitoa kiwango cha tofauti hiyo mwaka 2011. Kwa watu wanaotazama tu, kama mabango na maneno machache, mara 7. Kwa kikao ambacho watu wanasoma na kuamua, mara 15. Kwa wanaochambua michoro au picha za kitabibu, mara 50. Kwa filamu, mara 80. Sisi na 4.7 yetu hata maneno ya wimbo hatujayafikia.

Hapa ndipo mtu hukimbilia dukani kununua projekta ya lumeni 6,000. Sawa, itakupa mara 8.3. Lakini angalieni: ukiacha mashine ileile ya 3,000 ukapunguza mwanga wa ukumbi kutoka luksi 300 hadi 150, unapata mara 8.3 vilevile. Hakuna tofauti hata kidogo. Pazia zito la dirishani na swichi inayozima safu ya mbele peke yake vinafanya kazi ya projekta ya pili, na havina taa ya kuungua. Nikiitwa kwenye ukumbi, kitu cha kwanza ninachouliza ni taa zimegawanywa swichi ngapi. Mara nyingi jibu ni moja. Basi namwita fundi umeme kwanza.

Na msipende ukubwa. Ukitoka inchi 100 ukaenda 150, eneo linaongezeka mara mbili na robo. Lumeni 3,000 zilezile zinatandazwa kama siagi kidogo kwenye mkate mkubwa, na pale penye luksi 300 unabaki na mara 2.6.

Haya, skrini sasa. Nianze na uongo mtamu kuliko wote: ukumbi ukiwa na mwanga, weka skrini ya kijivu. Tufikiri pamoja. Kijivu kinakula, tuseme, asilimia 20 ya mwanga unaokiangukia. Je, kinajua kwamba mwanga huu umetoka kwenye projekta na huu dirishani? Hakijui. Kinakula asilimia 20 ya huu na asilimia 20 ya ule. Weusi umeshuka, weupe nao umeshuka, mgao ni uleule 4.7. Jicho linaweza kudanganyika kidogo kwa sababu weusi unaonekana umetulia, lakini maneno hayajawa rahisi kusomeka.

Sisemi kijivu hakina kazi. Kinasaidia kwenye chumba kinachozimika lakini chenye kuta nyeupe na dari nyeupe ya jipsamu. Mwanga wa picha unatoka kwenye skrini, unagonga dari, unarudi kuchafua weusi. Mwanga huo umepita kwenye kijivu mara mbili, kwa hiyo umepigwa kodi mara mbili, na ule wa picha umelipa mara moja. Hapo unafaidi. Ila kwa jua la dirishani, ndoo ya rangi ya kijivu ni hela ya bure.

Linaloamua ni upande mwanga unakotoka. Skrini nyeupe ya kawaida ni kama mwenyeji asiyechagua wageni: mwanga wa upande wowote anaupokea, kisha anautawanya pande zote. Skrini zinazoandikwa ALR, yaani zinazokataa mwanga wa ukumbini, ni bawabu. Zinauliza, wewe umetokea wapi?

Ziko aina tatu mtakazokutana nazo. Ya kwanza inatenda kama hili sinia la chuma. Kijana, nimulikie tochi kutoka juu. Mnaona doa limeangukia wapi? Chini, kwenye magoti ya mzee wa safu ya kwanza, samahani mzee. Mwanga unaotoka juu unaondoka kuelekea chini, unaotoka kushoto unaondoka kulia. Kwa hiyo projekta ya darini inawapelekea picha waliokaa, na mwanga wa dirisha la pembeni unaishia ukuta wa ng'ambo. Sharti lake ni umbali. Mashine ikiwa karibu mno, katikati panawaka na pembeni pamefifia. Watengenezaji wengi hutaka umbali wa angalau mara moja na nusu ya upana wa picha, yaani skrini ya mita 2.2, projekta ikae mita 3.3 au zaidi.

Aina ya pili inafanya kama rifleksi ya bodaboda usiku: inarudisha mwanga ulikotoka. Anayeona inang'aa ni dereva mwenye taa, na siyo aliyesimama kando ya barabara. Hii inataka projekta iwe mezani, karibu na kimo cha macho ya watu. Ukiitundika darini, picha nzuri inarudi darini, wataiona mijusi.

Ya tatu ni ya projekta za UST, zile zinazokaa sentimita chache kutoka ukutani na kurusha picha kwenda juu. Ukiichungulia kwa karibu, uso wake ni vidaraja vidogo vidogo. Upande wa juu wa kila kidaraja ni mweusi, unameza taa za darini. Upande wa chini unapokea mwanga wa mashine na kuwapelekea watazamaji. Kwa taa za dari sijaona mfano wake. Lakini dirisha la pembeni haijui kulizuia sana, na ole wake atakayeifunga na projekta ya kawaida ya darini: itaimeza picha yenyewe kama taa ya adui. Nimeshaitwa kwenda kutengeneza "projekta mbovu" ambayo ugonjwa wake ulikuwa huo tu.

Dada pale anauliza kuhusu geini, ile namba inayosema skrini inang'aa mara ngapi ya skrini nyeupe ya kawaida. Swali zuri. Mkiona geini 1.8 msidhani ni umeme wa ziada. Mwanga ni uleule, umenyang'anywa waliokaa pembeni ukapewa waliokaa katikati. Ukumbi mwembamba na mrefu, chukua. Kanisa pana lenye mabawa mawili, wa mabawani watawalaumu. Kabla ya kulipa, ombeni kipande cha sampuli, kibandikeni, kisha nenda mwenyewe ukakae kiti kibaya kuliko vyote.

Na mzee anasema ukumbi wao wa shule una jua linaloingia hadi mbele alasiri. Mzee wangu, jua la moja kwa moja linafika hata luksi laki moja. Hakuna skrini ya kupigana na hilo. Huku kwetu karibu na ikweta, dirisha la kaskazini au kusini linazuiwa na kibaraza tu, kwa sababu jua hupita juu sana mchana. La mashariki na la magharibi jua linaingia limelala, kibaraza hakilizuii. Hamishieni picha kwenye ukuta ambao jua haliugusi saa za kazi. Ikishindikana, nunueni televisheni mbili kubwa mzitundike pembeni, projekta mbaki nayo kwa shughuli za usiku. Nauza skrini, lakini hilo ndilo jibu langu.

Kupima ni rahisi. Simu nyingi zina kihisi cha mwanga karibu na kamera ya mbele, na kuna programu za bure za kusoma luksi. Si sahihi kama kipimo cha fundi, lakini zinatosha. Zima projekta, weka mgongo wa simu ukutani pale picha itakapokaa, kioo kikitazama watu, usome namba saa ileile ya ibada au somo.

Tufanye sasa. Nimebandika vipande vitatu pale: cheupe, kijivu, na hicho cha aina ya sinia. Vijana wa dirishani, fungueni mapazia yote. Safu ya kwanza mje mbele, halafu mpite kushoto, mpite kulia, taratibu, na kila mtu aniambie anapoteza maneno akifika wapi.