Mbwa Anapimwa Tumboni mwa Kondoo

Wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana wa kuchunga mlioacha mifugo kwa wenzenu: mwangaluka! Mwenyekiti ameniambia nisikawie, jua la Magu halina subira.

Naanza na hili beseni. Ni ini na utando wa mafuta wa kondoo aliyechinjwa asubuhi. Mnaviona vifuko vya maji? Hiki kinachoning'inia kwenye mafuta, chenye doa jeupe ndani, ni mtoto wa tegu mrefu, yule mnyoo bapa wa tumboni. Akikomaa kwenye utumbo wa mbwa hufika mita kadhaa. Huyo hatusumbui sana sisi watu. Lakini hivi vilivyozama ndani ya ini, vigumu ukivibonyeza, ni vya tegu mwingine ambaye hata akikomaa ana milimita 2 hadi 7 tu. Huyo kadogo ndiye wa kuogopwa. Mtoto akimchezea mbwa kisha akala bila kunawa, anaweza kumeza mayai yake, na kifuko kama hiki kikaota kwenye ini au pafu la mtoto, kikakua kimya miaka mingi. Mara nyingi kinaishia kwa daktari mpasuaji.

Sasa mtaniuliza, nitajuaje kama mbwa wangu anao? Kwa kumtazama hujui. Mbwa mwenye tegu hao kwa maelfu bado anakula, anabweka, anakimbiza fisi. Hata hadubini haimalizi ubishi, maana mayai ya tegu hawa wote yanafanana. Mimi mbwa humpima kwa kondoo, maana kondoo hupata vifuko kwa kula nyasi zenye mayai aliyoangusha mbwa, na mbwa hupata tegu kwa kula viungo vyenye vifuko. Kila mnapochinja, iwe sikukuu au msiba, mtu mmoja akague ini, mapafu na utando, aandike kwenye daftari: tarehe, boma, umri wa kondoo, vifuko vipo au havipo.

Umri msiusahau. Kondoo mzee anaweza kubeba kifuko alichokipata miaka mingi nyuma. Ukikikuta kwa kondoo asiyetimiza mwaka, basi kuna mbwa ameangusha mayai malishoni hivi karibuni. Hata kikiwa cha yule mrefu, kimeshakuambia kwamba mbwa wa hapa wanakula matumbo mabichi.

(Ule "mchele" kwenye kinyesi cha wanakondoo ni mambo mengine. Ni tegu wa kondoo mwenyewe, anatokana na utitiri wa kwenye nyasi. Mbwa msimsingizie.)

Dawa ya mbwa ni prazikwanteli. Mnaijua, huku ziwani watoto huimeza shuleni kwa ajili ya kichocho. Ila vipimo ni mbali: mbwa ni miligramu 5 kwa kila kilo, mtoto ni 40. Kwa hiyo kidonge cha mtoto kibaki cha mtoto. Mzee wangu unayecheka hapo nyuma, sikutaji jina. Ivermektini mnayowachoma ng'ombe haimgusi tegu. Rudieni dozi kila wiki 6, kwani tegu yule mdogo huchukua takriban muda huo kabla ya kuanza kutoa mayai. Na kwa kuwa dawa inaua tegu lakini mayai haiyaui, mfunge mbwa siku 2, kinyesi chake ukizike.

Lakini dawa haimkingi kesho. Ukimtupia mapafu siku ya pili, umerudi ulikotoka. Hapa ndipo ninapogombana na wachinjaji, hasa wakati wa Idi, mbwa wamekaa mstari kama wageni waalikwa. Mwaka 1863 Harald Krabbe, mtafiti kutoka Denmark, alipasua mbwa 100 kule Iceland, akamkuta tegu huyu kwa 28. Wakati huo prazikwanteli haikuwepo. Wenyeji walielimishwa, wakaacha kuwapa mbwa viungo vyenye vifuko, na ugonjwa ukaja kwisha kisiwani. Ninyi chemsheni viungo hivyo zaidi ya nusu saa, au mzike kwenye shimo refu na kuweka mawe juu. Mawe Mwanza hatujawahi kukosa.

Haya, mbwa wa kwanza aletwe. Mtieni kwenye gunia, mning'inize kwenye mizani ile ya pamba. Kilo 15? Basi miligramu 75, kidonge kimoja na nusu cha 50. Nakifunga ndani ya tonge la ugali lenye mchuzi wa dagaa. Akitema msicheke, tunampa lingine.