Jinsi ya kukagua mwongozo wa zana ya safari itakayotumiwa na wakala wa akili unde

Karibuni watazamaji. Nipo Shangani, Mtwara mjini. Leo tunakagua mwongozo wa zana ya taarifa za safari, ile ambayo wakala wa akili unde huiuliza ratiba, nauli na hali ya barabara, halafu akamjibu msafiri. Wakala huyu ni programu, si kijana anayekata tiketi stendi. Kijana wa stendi asipokuelewa atakuuliza, "Mama, Kilwa ipi?" Programu isipopata maelezo hukisia, tena kwa maneno ya uhakika kabisa.

Kwanza kabisa, usifungue mwongozo. Chukua daftari, nenda stendi, sikiliza watu wanauliza nini, uandike maswali kumi kwa maneno yaleyale. Yangu ni kama haya: "Basi la kwanza la Masasi kwenda Dar linaondoka saa ngapi?" "Nakwenda Kilwa, nishukie wapi?" "Mvua hizi, pale Somanga panapitika?" Maswali hayo ndiyo mizani yako.

Sasa fungua mwongozo. Anza na jina la zana na maelezo yake mafupi, kwa sababu wakala huyasoma hayo ndipo achague zana ipi aitumie. Hata kwenye Model Context Protocol, utaratibu wa kuunganisha programu za akili unde na zana, uliotangazwa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, zana hutambulishwa kwa jina, maelezo na orodha ya vitu inavyotaka kupewa. "Hutoa taarifa za safari" haitoshi. Iandikwe inatoa nini, kwa maeneo gani, na kisha haitoi nini. Kama ni ndege tu, isemwe hivyo, asije mtu wa Nachingwea akaambiwa hakuna usafiri.

Hatua inayofuata ni muda, na hapa naomba tusikimbie. Mama mdogo aliwahi kuuliza basi lake, zana ikarudisha "saa 12:00", wakala akamwambia linaondoka saa sita mchana. Alifika stendi saa tano na mizigo yake, basi limeshaondoka tangu saa 12 asubuhi. Aliyeandika ratiba alikuwa sahihi kwa saa zetu. Wakala naye alisoma kama saa za kompyuta zinavyosomwa. Mwongozo ndio ulionyamaza.

Kwa hiyo tafuta sentensi inayotaja mfumo wa saa. Mfano mzuri ni huu kwenye skrini: 2025-07-03T06:00:00+03:00. Mwaka, mwezi, siku, kisha baada ya herufi T ni saa, na ile +03:00 ni saa za Afrika Mashariki. Usidhani hiyo ya mwisho ni pambo. Ukivuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala ukaingia Msumbiji, saa inarudi nyuma saa moja nzima. Zana isiyotaja hilo itakosea kila safari ya kuvuka Ruvuma.

Tuje kwenye majina ya mahali. Kuna Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje na Kilwa Kisiwani, na huko Kisiwani kwenye magofu unafika kwa chombo cha majini. Basi la Mtwara kwenda Dar linapita Nangurukuru, na hapo ndipo unashuka. Mtwara nayo ni mji na ni mkoa: Masasi imo mkoani Mtwara, lakini ni mwendo wa kilomita kama 200 kutoka hapa nilipo. Angalia kama mwongozo unamwambia wakala aulize jina likiwa na maana zaidi ya moja, au unamwachia achague.

Nauli pitia haraka: sarafu itajwe, na tarehe ya bei itajwe.

Halafu nenda sehemu ya hitilafu. Orodha tupu ina maana gani? Hakuna basi, au zana haina taarifa? Hayo ni mambo mawili tofauti. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar na Lindi ilikatika upande wa Kilwa. Siku kama zile, ratiba isiyoonyesha ilisasishwa lini inamlaza mtu njiani na watoto.

Mwisho, mpe wakala mwongozo huo peke yake, muulize maswali yako kumi, na usimsaidie. Rudia mara tatu, maana majibu yake hubadilika. Kila alipokisia, wekea alama mstari wa mwongozo uliomponza. Usimwandikie mwenye zana kwamba "mwongozo haueleweki". Mpelekee sentensi kamili ya kubandika, kama hii yangu ya sehemu ya muda, inayoanza na jina la taarifa ambayo zana inarudisha:

"muda_kuondoka: saa ya basi kuondoka kituoni, kwa mfumo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki. Saa 12 asubuhi huandikwa 06:00. Saa 12 jioni huandikwa 18:00."