Matangazo Yanakula Bando la Nani?

LAMECK: Mbukwenyi, wasikilizaji! Mimi ni Lameck, niko na dada Neema hapa Dodoma kama kawaida. Leo tunaongelea hivi vifurushi vya kuangalia muvi mtandaoni kwa bei ya chini, ila ukubali kuwekewa matangazo. Dada, wewe ungechukua?

NEEMA: Kwanza uniambie bando ni la nani.

LAMECK: (anacheka) Hata salamu hujatoa!

NEEMA: Mbukwenyi jamani. Haya, bando ni la nani?

LAMECK: Subiri tuanzie mwanzo. Netflix, wale wa kuonyesha muvi mtandaoni kwa ada ya mwezi, miaka mingi walikuwa hawataki kusikia habari ya matangazo. Mwaka 2022 wakapoteza wateja laki mbili ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na miezi mitatu iliyofuata karibu milioni nzima wakaondoka. Msimamo ukalegea. Novemba mwaka huohuo wakaleta kifurushi chenye matangazo, Marekani kwa dola 6.99. Washindani wao Disney+ wakafuata Desemba.

NEEMA: Na nchi za kwanza kupata hicho cha Netflix zilikuwa 12, hakuna hata moja ya Afrika.

LAMECK: Kweli. Lakini watu walikipokea. Mei 2025 Netflix walisema wanaoangalia kupitia kifurushi hicho ni milioni 94 kwa mwezi. Huwezi kuniambia watu milioni 94 wanalazimishwa.

NEEMA: Kulazimishwa hapana, kusukumwa ndiyo. Kwanza hao ni waangaliaji, siyo walipaji. Nyumba moja inaweza kuwa na watu wanne. Pili, pale Marekani kulikuwa na kifurushi cha dola 9.99 kisicho na tangazo. Mwaka 2023 wakakifunga kwa wateja wapya. Ikawa mteja mpya akitaka kukwepa matangazo anaruka mpaka dola 15.49, na Januari 2025 ikawa 17.99. Ni sawa uende soko la Majengo ukute muuza nyanya kaondoa fungu la kati, kabaki na la bei ya chini lenye zilizobonyea na la bei ya juu. Ukinunua lile la chini, atasema wateja wanapenda zilizobonyea?

LAMECK: Hapo umenibana kidogo. Ila dada, Mtanzania na tangazo ni marafiki wa siku nyingi. Nyumba ngapi hapa Chang'ombe zinaangalia tamthilia ya usiku, matangazo ya sabuni na unga yanapita, na hakuna anayeinuka? YouTube ndiyo usiseme. Watu wanamaliza sizoni nzima ya Kibongo na matangazo yake.

NEEMA: Mimi sina ugomvi na tangazo lenyewe. Tangazo la kwenye king'amuzi halinikati kitu. La kwenye simu linakula MB nilizonunua mimi. Piga hesabu: Netflix wenyewe wanasema picha ya kawaida inakula mpaka GB 1 kwa saa. Walipoanza walisema matangazo yatakuwa dakika nne hadi tano kila saa. Hapo ni kama MB 70 au 80 zimekwenda kuangalia gari ambalo sitalinunua maisha yangu yote.

LAMECK: (anacheka) Labda utanunua.

NEEMA: Kwa mshahara upi, kaka? Na kuna jingine. Mwanzoni kifurushi hicho hakikuruhusu kupakua. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anataka apakue kwenye Wi-Fi, aangalie baadaye akiwa kwenye basi la Singida. Walikuja kuruhusu mwaka 2023, na bado kwa kikomo.

LAMECK: Kwa hiyo mwenye Wi-Fi ya nyumbani atakifurahia.

NEEMA: Mwenye Wi-Fi ndiyo, hata mimi ningemwambia achukue. Ila yule anayenunua bando la siku, shida yake haikuwa ada ya mwezi peke yake. Ndiyo maana bado kuna vijana wanaojaziwa muvi kwenye flashi, na vibanda umiza vya kuonyeshea video havifungwi.

LAMECK: Mimi naogopa upande mwingine. Amazon, kwenye huduma yao ya muvi ya Prime Video, Januari 2024 waliwawekea matangazo watu waliokuwa wanalipa tayari, kisha wakasema ongeza dola 2.99 tuyaondoe. Hiyo siyo punguzo.

NEEMA: Hiyo ni ongezeko la bei lililovaa kanzu.

LAMECK: Haya, wakija kwako wakuulize unataka nini?

NEEMA: Nilipe kwa simu, kwa siku au kwa wiki, bila kadi ya benki. Na MB za matangazo zisihesabiwe kwenye bando langu.

LAMECK: Atazilipa nani sasa?

NEEMA: Mwenye sabuni yake! Si ndiye anayetaka nimwone?

LAMECK: Sawa, lakini Simba na Yanga wakicheza, wasithubutu kunikatia mechi.

NEEMA: Mapumziko ni dakika 15. Wayajaze hapohapo, tena wewe saa hiyo unakuwa umetoka kwenda kununua mishikaki.