Usinunue namba ya kwenye boksi: mashine ya TIG ya bei nafuu kwa anayeanza

Haya karibuni, sogeeni mbele jamani maana huko nyuma hamtakiona hiki nilichoshika. Hii ni tangsteni, kijiti cha chuma kigumu cha milimita 2.4, inayeyuka kwenye nyuzi kama 3400 hivi, na kwenye TIG, yaani kuchomea kwa moto wa umeme unaokingwa na gesi, haitakiwi kuyeyuka kabisa, kazi yake ni kubeba moto tu, waya wa kujazia unaushika mkono mwingine. Angalieni ncha yake, nyeusi halafu ina kinundu. Hii imeungua. Na haikuungua kwa sababu mchomeaji ni mbovu, iliungua kwa sababu mashine ilikata gesi palepale alipozima moto, tangsteni bado nyekundu, hewa ikaingia, basi. Ndo maana nataka tuongee vizuri kabla hujatoa hela yako.

Watu wengi wanaoanza wanaangalia namba moja, ampea za juu, boksi limeandikwa 250 wanaona hii ndo yenyewe. Sasa piga hesabu na mimi, chuma cha kawaida kinataka kama ampea 40 kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo bati la milimita 3 ni ampea 120 hivi, we unayeanza unachomea nini kinachozidi hapo? Mashine ya 160 au 200 inakutosha kabisa. Namba ya kuulizia ni ile ya chini. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa na ampea nyingi kweli huko juu lakini haikushuka chini ya 30, na mimi nilikuwa na vibati vya nusu milimita, nikigusa tu tobo, nikigusa tobo, wiki nzima nikajua mkono wangu ndo mbaya kumbe mashine haiwezi kupunguza moto. Tafuta inayoshuka mpaka 10, ikifika 5 bora zaidi.

Halafu kuna ile asilimia imeandikwa pembeni ya ampea, hiyo inahesabiwa kwa dakika kumi. Ikisema 200 kwa asilimia 35 maana yake ukichomea kwa 200 unapata dakika tatu na nusu, zilizobaki inapumzika, usipoipumzisha inajizima yenyewe. Ukishusha ampea muda unaongezeka. Asiyekuandikia hiyo asilimia muulize, na akishindwa kujibu we ondoka.

Kuwasha sasa. Za bei ya chini kabisa unakwaruza tangsteni kwenye chuma kama njiti ya kiberiti, ncha inachafuka na kipande cha tangsteni kinabaki kwenye kazi. Afadhali ile ya kugusa na kuinua, unagusa taratibu mashine inatoa umeme kidogo, ukiinua ndo moto unakuja. Ya hai frikwensi inaruka yenyewe bila kugusa, ni tamu sana, ukiipata ndani ya bajeti chukua. Ila mimi kati ya hai frikwensi na mashine inayofungua na kufunga gesi yenyewe, inayoendelea kutoa gesi sekunde kadhaa baada ya moto kuzima, nachagua hiyo ya gesi, bila kufikiria mara mbili! Zile za kufungulia gesi kwa mkono kwenye tochi, ule mpini unaoshika tangsteni, unaweza kujifunzia, lakini utasahau kufunga, na gesi ndo inakula hela.

Maana hapo ndo watu wanakwama. Wanamaliza hela yote kwenye mashine, hawana mtungi wa gesi, hawana regyuleta ya kupunguza presha yake. TIG inataka agoni tupu, usidanganywe kutumia ile iliyochanganywa na kaboni dioksaidi, itakula tangsteni yako. Mtungi wa lita 10 uliojazwa kwa presha ya ba 200 una kama lita 2000 za gesi, ukitumia lita 8 kwa dakika ni saa nne na kidogo za moto, na kujifunza kunataka saa nyingi kuliko hizo. Ukiwa na hela ya mashine nzuri bila gesi, nunua ya chini yake na gesi.

Alumini? Hiyo inataka AC, umeme unaogeuka-geuka mwelekeo, kwa sababu ngozi yake ya juu inayeyuka zaidi ya nyuzi 2000 na yenyewe ndani inayeyuka 660, AC ndo inaisafisha hiyo ngozi. Mashine ya AC bei inapanda sana, kama huna kazi ya alumini mkononi sasa hivi chukua ya DC tu, ya umeme wa mwelekeo mmoja, chuma na stenlesi zote inachomea.

Haya vaeni ngao wote, na msiovaa geukeni. Tochi nimeweka kwenye hasi, ampea 60. Nikiachia swichi msiangalie kazi, angalieni ncha ya tangsteni, hesabuni sekunde mpaka gesi inyamaze, halafu mniambie ina rangi gani.